Krismasi Ianze Tarehe 26

Usiku wa kuamkia Krismasi, fundi cherehani wa Kasulu halali. Anakaa barazani mbele ya duka la vitenge, taa inaning'inia juu ya kichwa chake, mvua ya Desemba inapiga bati, na mbele yake wamejipanga akina mama wanaosubiri. Gauni la mtoto limebaki mikono. Suruali ya kijana haijapigwa pindo. Sare za kwaya, kitenge cha rangi moja kwa waimbaji wote, zimebaki vifungo. Fundi anakata uzi kwa meno, anageuza kitambaa, anaendelea kukanyaga pedeli. Saa sita ya usiku bado yupo, na wateja bado wapo.

Asubuhi nguo zote hizo zitakuwa kanisani, na kanisa litajaa, iwe kwa Waanglikana wa Kasulu mjini, kwa Wakatoliki wa Kabanga au kwa Wapentekoste wa Kibondo. Mabenchi yatatolewa nje, watu watasimama chini ya madirisha. Vijana waliorudi kutoka Kahama, Geita na Dar es Salaam watakaa nyuma pamoja, na bibi zao watageuka kila mara kuwatazama. Kwaya itaimba mpaka sauti zikauke. Kisha ni nyumbani, kwenye wali na nyama ya mbuzi, soda kwa watoto, na majirani wanaopita kusalimia mpaka giza liingie.

Kesho yake, tarehe 26, kengele ikigongwa watakuja wazee wachache na katekista.

Sina ugomvi na wali wala na gauni jipya. Mtoto aliyevaa ndala mwaka mzima akipata viatu siku ya Krismasi, furaha yake ni sehemu ya Injili, na mzazi aliyeuza debe la maharage ili kuvinunua ametoa sadaka iliyo halali kabisa. Neno langu liko kwingine. Ninaamini kwamba imani ya Kikristo huku kwetu Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, haichuji kwa sababu watu hawaji kanisani. Inachuja kwa sababu sikukuu kubwa kama hii tunaimaliza siku ile ile inapoanza. Kwa kalenda ya kanisa, Krismasi ni majira ya siku kumi na mbili, hadi Epifania tarehe 6 Januari. Waliopanga kalenda hiyo karne nyingi zilizopita waliweka katika siku hizo mambo mazito: tarehe 26 Stefano aliyepigwa mawe, tarehe 28 watoto waliouawa na Herode, na mwishoni wageni kutoka mashariki. Tukiziruka siku hizo, tunabaki na mtoto mchanga asiyetudai chochote.

Na hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa nguvu ya siku hizo. Gahini iko mashariki mwa Rwanda. Miaka ya 1930 palikuwa na kituo cha CMS, shirika la misheni la Waanglikana, na hospitali iliyoongozwa na daktari Mwingereza, Joe Church. Daktari huyo alikuwa amepita katika njaa kubwa iliyoipiga Rwanda mwaka 1928 na 1929, na alikuwa amechoka, mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, akakutana na Mganda Simeoni Nsibambi, na wawili hao wakakaa wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Kwa wakati ule, mzungu na mwafrika kupiga magoti pamoja kama watu wenye hitaji moja halikuwa jambo la kila siku. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Katika siku zilizofuata Krismasi ya mwaka 1933 pakaitishwa mkutano hapo Gahini. Mafundisho yalikwenda kama mafundisho yanavyokwenda, maombi nayo hivyo hivyo, mpaka karibu na mwisho, pale mtu mmoja aliposimama na kuanza kuungama dhambi zake mbele ya wote. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, na mkutano haukuweza tena kurudi kwenye ratiba yake. Wanahistoria wa kanisa wanauhesabu mkutano ule kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki. Katika miaka iliyofuata Uamsho ulienea katika vituo vya misheni vya Rwanda na Burundi, ukaingia Uganda na Kenya, na kwa upande wetu ukavuka mpaka hadi Bugufi, Karagwe na milima ya Buha, ambako wamisionari wa CMS kutoka Australia walikuwa wameanza kazi. Walioguswa wakaitwa Walokole. Mzee yeyote wa Kianglikana katika Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga na ambayo makao yake ni hapa Kasulu, amelelewa karibu na moto huo au juu ya majivu yake.

Walokole walikuwa na makosa yao. Walipenda kuwahukumu wenzao, waligombana na wachungaji, na wapo waliogeuza ushuhuda kuwa desturi ya kujisifu. Lakini jambo moja walilolifanya linanigusa kila Desemba. Toba yao ilikuwa na anwani. Aliyeiba alikirudisha alichoiba kwa mwenyewe, akimtazama usoni. Aliyesema uongo juu ya jirani alivuka bonde, akabisha hodi, akasema, "Ndugu, nilikusingizia." Waliokuwa na kinyongo cha kabila walikaa chini pamoja wakakitaja. Hilo ndilo lililowashangaza watu wa vijijini, hata wasiokuwa Wakristo. Nyimbo zilikuwepo kabla ya hapo, na nguo nyeupe pia. Kipya kilikuwa ni mtu kutoka kanisani na kuingia nyumba ambayo kwa muda mrefu aliikwepa.

Nirudi kwenye tarehe 26. Stefano tunamkumbuka kama shahidi aliyekufa akiwaombea waliomuua, na ni haki tumkumbuke hivyo. Tunasahau jinsi alivyopata kazi yake. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume palitokea manung'uniko katika kanisa lile changa la Yerusalemu. Wajane wa Kiyahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, huku wajane wa lugha ya wenyeji wakipata. Mitume hawakusema kwamba hayo ni mambo ya dunia. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia meza, na wa kwanza kutajwa kati yao ni Stefano. Shahidi wa kwanza wa kanisa alianza kama mgawaji wa chakula katika ugomvi wa lugha mbili.

Nadhani hakuna mahali Tanzania ambapo habari hiyo inapaswa kusomwa kwa makini kuliko Kibondo na Kasulu. Sisi ndio tunaojua chakula kinavyogawanywa kati ya watu wa lugha mbili. Mwaka 1972 walikuja Warundi waliokimbia mauaji, na wengine wakakaa vijijini mwetu wakaoa na kuolewa, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na katika wiki chache mamia ya maelfu walikuwa wamevuka mpaka kuingia Kigoma na Kagera. Mwaka 1996 vita ya Kongo ikaleta watu wa Kivu ya Kusini, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika eneo la Makere, wilaya ya Kasulu. Mwaka 2015 Burundi ikawaka tena. Maelfu walirundikana Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawakuta hapo hapo, na meli ya MV Liemba, iliyozoea kubeba dagaa na abiria, ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma mjini. Kutoka hapo walipandishwa mabasi hadi Nyarugusu, kisha ikafunguliwa tena kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo, ambayo mwaka 2017 ilikuwa na zaidi ya watu laki moja.

Wimbi lile la wakimbizi la 1993 nalikumbuka kwa macho yangu ya utoto, upande wa Mabamba, karibu na mpaka. Walikuja usiku. Kabla ya mashirika na mahema palikuwa na nyumba za watu, na nyumba yetu ilikuwa mojawapo. Mama aliwalaza jikoni, kwenye kile kibanda chetu cha nje chenye mafiga, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Asubuhi alipopika maharage aliongeza maji, akaongeza tena, mpaka mchuzi ukawa mwepesi kama chai, na hakuna aliyenung'unika. Krismasi ilipofika, miezi miwili baadaye, mwanamke mmoja kati yao alifuatana nasi kanisani akiwa amejifunga kitenge cha mama. Zile nyimbo alizijua zote kwa tuni, ila maneno yake yalikuwa ya Kirundi, akawa anaimba ya kwake pembeni ya yetu bila kupunguza sauti. Mzee wa kanisa aliyekuwa mbele yetu aligeuka kutazama, akatabasamu, akasogea kwenye benchi ili watoto wa yule mama wakae.

Nasimulia hayo nikijua yaliyofuata, na sitayaficha. Kuni ziliisha vilimani. Mashamba yaliingiliwa. Ujambazi wa silaha ukashika barabara zetu, mpaka mabasi ya Kibondo na Kasulu yakawa yanasafiri kwa msafara wa polisi, na wapo watu wetu waliouawa njiani. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya wageni waliokuwa wakiishi vijijini na kuwapeleka makambini, wakiwemo walioishi nasi tangu 1972, na wapo waume na wake waliotenganishwa katika zoezi hilo. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Ya Mtendeli ikafungwa 2021. Mgawo wa chakula makambini umepunguzwa mara kwa mara kwa sababu wafadhili wamechoka, na mwaka 2023 ulishuka hadi nusu. Mwananchi wa Kasulu anayesema mzigo huu umembana kwa miaka mingi hasemi uongo. Nani abaki na nani arudi ni jambo la serikali na mikataba, na sidai kwamba mahubiri ya Krismasi yatalimaliza.

Lakini mhubiri atakayesimama Desemba hii mbele ya Waha na kuwasimulia Yusufu na Mariamu wakikimbilia Misri na mtoto, kisha asiitaje Nyarugusu, atakuwa amesoma nusu ya ukurasa. Yesu aliokoka kwa sababu kulikuwa na nchi jirani iliyokubali familia yake ilale. Injili ya Mathayo haitaji jina la Mmisri hata mmoja. Hatujui nani aliyewapa maji, nani aliyempa Yusufu kazi ya useremala, mtoto wa nani aliyecheza na mtoto wao. Sisi wa Buha tunaweza kuwawazia watu hao kuliko mwanateolojia yeyote, kwa sababu tumeifanya kazi yao.

Tena sisi wenyewe tumekuwa wageni. Babu zetu walitembea kwa miguu hadi reli, wakapelekwa Tanga na Morogoro kukata mkonge. Mkoa wa Kigoma ulifanywa na wakoloni kuwa bohari la wafanyakazi, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya kuajiri watu wa mashamba ya mkonge, Silabu, iliwasafirisha kwa maelfu. Waliitwa manamba. Walidharauliwa kwa lugha yao, kwa chakula chao, kwa kukubali kazi ambayo wenyeji waliikataa. Wengi hawakurudi, na wajukuu wao wako Korogwe na Muheza hadi leo. Kila ukoo wa hapa una jina la mtu aliyekwenda mkonge na habari zake zikakatika. Anayetoka katika ukoo wa namna hiyo anapokutana na mama mkimbizi wa Kibembe amesimama kando ya barabara ya Makere akiuza sabuni ya mgawo wake ili anunue nyanya, hana haki ya kumtazama kana kwamba hajawahi kusikia maisha hayo.

Ndiyo maana natamani siku ya Stefano ipewe kazi yake. Tarehe 26 ni siku ya mapumziko, watu wako nyumbani, na sadaka ya Krismasi, mojawapo ya sadaka kubwa za mwaka, imeshahesabiwa. Parokia ikiamua kwamba sehemu kubwa ya sadaka hiyo, hata nusu, isilale ofisini bali itoke siku hiyo hiyo kwenda kwa wajane, itakuwa imesoma Matendo sita kwa vitendo. Nasema wajane wa lugha zote. Na isipelekwe na mhasibu peke yake. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji tangu miaka ya 1970. Waanglikana na Wapentekoste wana vikundi vyao vya nyumbani. Vyombo hivyo vinajua nani hakupika jana. Sehemu nyingi vimekuwa vyombo vya kukusanya michango, na naomba niseme hili kwa uchungu: mama mzee anayeishi peke yake akiona wanajumuiya wanakuja, asiwe na sababu ya kukisia kwamba wamekuja kudai.

Halafu tarehe 28, siku ya watoto wa Bethlehemu. Hii ndiyo tunayoikwepa kuliko zote, na naelewa kwa nini, maana inavunja raha ya sikukuu. Mtawala mwenye hofu anaua watoto ili alinde kiti. Lakini hofu inayoua haiko ikulu peke yake. Huku kwetu ina jina la kienyeji kabisa.

Miaka ya karibuni vijiji vya mkoa wa Kigoma, Kasulu na Buhigwe vikiwemo, vimepitiwa na wimbi la Kamchape, au Lambalamba kama wengine wanavyowaita. Kikundi cha waganga kinaingia kijijini, kaya zinachangishwa fedha, kisha wanapita nyumba kwa nyumba "kutoa" uchawi: pembe, kichupa, kitambaa kilichofungwa, kitu kinachodaiwa kufukuliwa chini ya kitanda cha mtu. Anayekataa kukaguliwa anahesabika kuwa mchawi. Anayekubali naye hayuko salama, maana aliyelipwa ili aone uchawi ni lazima auone mahali. Anayeumia, mara nyingi, ni mzee. Ni bibi mjane, ni babu aliyefiwa na wajukuu wawili mfululizo kwa malaria. Nyumba zimebomolewa na kuchomwa moto, watu wamehama vijiji walivyozaliwa. Sheria ya Uchawi, tuliyoirithi tangu mwaka 1928, inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi, na polisi wamewakamata baadhi ya waganga hao. Lakini kijiji kinapokuwa kimechanga kwa hiari yake, polisi hufika jioni, mambo yakiwa yamekwisha.

Na waliochanga ni akina nani? Ni sisi. Ni watu wenye majina ya ubatizo. Ni baba aliyesimama Jumapili akakiri imani kwa Mungu mmoja, Jumatano akatoa fedha ili mtu amtafutie adui yake chini ya kitanda cha jirani. Hapa ndipo Krismasi yetu inapopimwa, na ndipo ninapodiriki kusema kwamba tumeshindwa. Kama kweli tunaamini kwamba nuru imeingia duniani, tunawezaje kuendelea kuishi kwa kuogopa kichupa? Na kama mtu bado anaogopa, naye ni mtu wa kuhurumiwa, kwa nini kanisa lake halikuwa mahali pa kwanza alipokimbilia mtoto alipougua? Swali hilo linawahusu wachungaji na mapadre, lakini linawahusu pia wanaoketi benchi moja na mtu huyo. Kamchape huingia palipo na kifo kisichoelezwa na jirani asiyetembelewa. Bibi anayeingiliwa nyumbani na watu wa kanisa kila wiki, wanaokaa kwenye kigoda chake na kula viazi vyake, si rahisi kumtangaza kuwa mchawi. Hata watoto wanajua kilichomo chini ya kitanda chake.

Watoto wenye ualbino nao wamo katika habari ya tarehe 28. Mauaji yao yalipopamba moto Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, hasa kuanzia mwaka 2007 na 2008, kituo cha Kabanga, nje kidogo ya Kasulu mjini, kikawa mojawapo ya mahali pa kuwaficha. Walitoka mikoa mbalimbali. Ukuta uliwalinda na viungo vyao vikabaki vyao. Lakini wapo ambao ndugu zao waliwaacha pale na hawakurudi kuwatazama, Krismasi ikaja na kupita wakiwa nyuma ya ukuta ule. Walikuwa salama, lakini hawakuwa nyumbani. Wakristo wa Kasulu tumeishi jirani na ukuta huo. Sina la kuwafundisha walezi waliofanya kazi ngumu ndani yake. Nauliza tu waumini wa nje: ni wangapi kati yetu tuliowahi kumwalika mmoja wa watoto hao, pamoja na mlezi wake, kula wali wa sikukuu kwenye meza yetu, mbele ya wageni wetu?

Huenda mtu akaniambia kwamba ninaigeuza Krismasi kuwa kazi za ustawi wa jamii, na kwamba imani ni jambo la moyo na Mungu wake. Nalipa uzito pingamizi hilo, kwa sababu nimeona pia makanisa yaliyojaa miradi huku maombi yamekauka. Lakini niliyoyasema hayawezi kufanywa na moyo usioomba. Jaribu kwenda kwa mtu uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba tangu masika iliyopita, umwambie kwamba jiwe la mpaka ni wewe uliyelisogeza. Utajikuta unaomba njia nzima, tena kwa maneno usiyoyaandaa. Festo Kivengere, mwana wa Uamsho ule ule, aliyefundisha shule Dodoma miaka ya 1940 na 1950 kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alilazimika mwaka 1977 kuikimbia Uganda kwa miguu baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin. Naye akawa mkimbizi, akapokewa Rwanda. Baadaye aliandika kitabu kusema kwamba anampenda Amin. Wengi walikasirika. Mimi namwelewa kama mtu aliyekuwa amezoea, kwa miaka mingi, kuzitembelea nyumba ambazo moyo wake ulikataa kuziingia, na Amin ilikuwa nyumba ngumu kuliko zote.

Kati ya tarehe 28 na Epifania kuna Mwaka Mpya, na baada ya hapo Januari yenyewe, ambayo huku kila mtu anaijua. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare, madaftari na viatu havijafutwa. Mkopo wa vikoba uliochukuliwa kwa ajili ya nguo za sikukuu unadaiwa. Mahindi bado mabichi shambani. Mjomba aliyerudi kutoka Dar es Salaam, ambaye Krismasi aliwanunulia soda watu wote, sasa anatafuta nauli ya kurudia. Wageni kutoka mashariki walileta zawadi zao wakati sherehe ya wachungaji wa kondoo ilikuwa imekwisha kitambo, na Yusufu, kwa jinsi mambo yalivyokwenda, lazima alihitaji ile dhahabu kwa safari ya Misri. Zawadi iliyochelewa ndiyo iliyofaa. Sare ya shule inayonunuliwa tarehe 6 Januari kwa mtoto wa jirani ina heshima hiyo hiyo, na fundi cherehani wa barazani, ambaye wiki hiyo hana mteja, angeishona kwa bei nafuu.

Halmashauri za parokia na mabaraza ya wazee wa kanisa hukaa mapema kupanga Krismasi. Ajenda zake nazijua: mapambo, ratiba ya kwaya, ugeni, vipaza sauti, chakula cha mgeni rasmi. Naomba iongezwe moja, na iwe ya kwanza. Wazee waandike majina ya nyumba za mtaa wao ambazo hakuna mtu wa kanisa aliyeingia tangu Pasaka, pamoja na yule aliyetuhumiwa, yule aliyetoka kambini, na yule aliyegombana na mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe. Kila mzee apewe nyumba moja na tarehe yake, kati ya 26 Desemba na 6 Januari, aende na familia yake, bila kamera na bila risiti ya michango. Jumapili ya kwanza baada ya Epifania wakutane tena, na kila mmoja aeleze alipoingia, alichokikuta, na lini anarudi.